Fundi Alawi na Jino Lililozidi Weupe

Jumatano ya tarehe 31 Desemba 1958, saa nane mchana, Fundi Alawi bin Abdulrahmani atazima tanuri lake dogo kwa mara ya mwisho, atalifunika kwa kile kitambaa cha kijivu tunachokijua sote, na atakuwa ametimiza miaka ishirini na minane, miezi tisa na siku ishirini na nane ya utumishi. Hesabu ya siku si yangu, ni yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeandika karibu miaka ishirini na tisa, akaniambia nifute, eti neno "karibu" ndilo linaloharibu meno ya watu.

Daktari wa kliniki yetu ya meno aliniomba niandike ukurasa mmoja tu, usomwe kwenye hafla na kuchapwa katika karatasi ya ratiba. Nilimwitikia kwa adabu, kisha nikaandika kurasa ninazotaka. Nimeshika sinia ya vyombo ubavuni mwa mtu huyu kwa miaka tisa, na kuna neno nililolimeza miaka minne na nusu iliyopita ambalo halijashuka tumboni mpaka leo. Nitalitoa hapahapa, mbele yenu. Lakini tuanze na mwanzo, msije mkasema Bi Somoe kajiandikia habari zake badala ya za Fundi.

Fundi Alawi alizaliwa Mikindani, mtoto wa sonara. Utoto wake ulipita kwenye kigoda karibu na moto wa baba yake, akijifunza kuona vitu vidogo ambavyo sisi wengine tunavipita tu. Machi 1930 aliajiriwa hospitalini Lindi, si kwa kazi ya meno bali kwa ufagio. Miezi michache baadaye meno ya bandia ya mzee mmoja yalivunjika vipande viwili, na daktari wa meno aliyekuwa akija kwa meli mara mbili kwa mwaka alikuwa ameshaondoka. Mfagiaji akaomba ajaribu yeye. Daktari huyo aliporudi alimwuliza mzee yule ni nani aliyempa meno mapya. Basi ufagio akapewa mtu mwingine, na Alawi akapewa meza, vyombo vidogovidogo, na vitabu vya picha ambavyo maneno yake ilibidi asomewe.

Mwaka 1949, bandari ya Mtwara ikijengwa na watu wakimiminika kutoka kila upande, kliniki yetu ilifunguliwa hapa Chuno katika nyumba ya mabati yenye vyumba vitatu. Fundi alihamia na mkewe, Bi Mwaisha, pamoja na sanduku la vyombo ambalo hakumruhusu mtu yeyote kulibeba, hata Daktari. Mimi niliajiriwa mwezi huohuo kuwa mhudumu. Kazi yangu ilikuwa kukaribisha wagonjwa, kuchemsha vyombo, kushika sinia na kutunza vikombe vya kusukutulia. Vilikuwa kumi na viwili, vya bati, vyeupe, ukingo wa buluu, nami nilivihesabu asubuhi na jioni kana kwamba ni watoto wangu. Haikupita wiki Fundi akanipachika jina: Bi Mkubwa wa Vikombe. Nilijifanya nimekasirika, lakini nililipenda.

Ugomvi wake wa kwanza na Daktari ulihusu kuta. Daktari alikuwa amezipaka kijani, akisema kijani hutuliza macho. Fundi alikubali kwamba hutuliza, ila akaongeza kwamba fizi za kila anayeketi pale huonekana zina maradhi, na meno yake huonekana yameota ukungu. Daktari alicheka. Kesho yake Fundi akaja na kioo, akamwomba Daktari aketi yeye kwenye kile kiti cha wagonjwa na kufungua kinywa. Jumatatu iliyofuata kuta zilipakwa chokaa iliyotiwa majivu kidogo, na rangi hiyo ndiyo mnayoiona mpaka leo.

Kwa wasioijua kazi yenyewe, niieleze. Jino la mbele likimegeka au likififia, Daktari hulisugua na kulipunguza upande wa mbele, kisha Fundi hutengeneza ganda la kauri, jembamba kama ganda la yai, la kulivika. Umbo la ganda ni kazi ya mikono, na mikono mizuri ipo. Rangi ni shughuli nyingine. Ganda lenye kasoro ndogo ya umbo litagunduliwa na ulimi wa mwenyewe tu. Ganda lenye kasoro ndogo ya rangi litaonwa na muuza samaki aliye ng'ambo ya barabara.

Tuliletewa kutoka Ulaya kibao cha rangi, meno kumi na mawili ya kauri kwenye vishikio vya chuma, kila moja na namba yake. Unayasogeza moja moja karibu na jino la mgonjwa mpaka upate linalofanana nalo. Fundi alikitumia miezi mitatu, akasema kibao hiki kimetengenezwa na watu waliotazamana wao kwa wao. Sisi wanywaji wa kahawa na maji ya visima, wenye fizi nyeusi ambazo hubadilisha kabisa sura ya jino linaloota juu yake, hatukuwamo. Akaanza kuchoma kauri yake, jaribio baada ya jaribio, hadi akawa na kibao cha meno kumi na saba. Namba hakuzitaka. Aliyapa majina: tui la kwanza, tui la pili, makopa, unga wa mtama, mchele wa Mahurunga, na moja lenye manjano ya mbali aliloliita kahawa ya alasiri. Wageni waliosikia Fundi akinisomea majina nami nikiandika walidhani tunaagiza chakula cha mchana.

Neno "jeupe" lilipigwa marufuku chumbani mwake. Ukimwambia jino hili jeupe, alikuuliza jeupe la nini, la tui au la mchele? Mohamedi, mfanyabiashara mmoja wa Mikindani, alikuja akiwa na picha aliyoikata kwenye kalenda, akataka meno ya mbele yawe vile. Fundi aliitazama picha kwa heshima zote, akamwambia yanawezekana, ila ajue kwamba meno hayo yatakuwa yanafika sokoni kabla yake. Mohamedi alichagua unga wa mtama, na picha akaiacha kwetu.

Wanawake wenzangu hawakumpenda mwanzoni, nisiwafiche. Mtu kajitanda kanga yake mpya, nyekundu ya kuwaka, kajifukiza udi, kaja kliniki, halafu Fundi anamfunika kifuani kwa kitambaa cha kijivu kilichofuliwa mpaka kikachoka! Alieleza kila mara kwamba nyekundu hupanda hadi kwenye jino na kumdanganya macho. Bi mmoja wa Shangani alimjibu kwamba kanga ile imenunuliwa ili imdanganye mume, na mpaka siku ile ilikuwa ikifanya kazi yake vizuri. Fundi alicheka hadi akalazimika kukaa chini. Lakini kitambaa hakukitoa.

Ninayemkumbuka zaidi ni mzee mmoja wa Mahurunga, Mmakonde, mkulima wa mpunga, ambaye meno yake ya mbele yalichongwa ncha tangu ujanani kama ya wenzake wa rika lake. Moja lilivunjika. Daktari alitaka kumpa ganda lililonyooka, akiona anamfanyia hisani. Fundi alikaa na mzee, akamwuliza ni nani aliyemchonga na kwa chombo gani, kisha akaichonga kauri kwa ncha ileile na kuitia rangi ya jino lililozeeka pamoja na mwenyewe. Mzee alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Akasema marehemu aliyemchonga angekuwa hai, angedhani ni kazi yake. Tangu hapo kila mavuno anatuletea mchele, na ndiko jina la ile rangi lilikotoka.

Sasa nimefika kwenye neno langu, na kalamu imeanza kuwa nzito.

Wengi wenu mnamjua Mwalimu Mwanaamina binti Saidi, anayewasomesha Kurani wasichana hapa Chuno kwenye baraza ya nyumba ya baba yake. Mwaka 1952 aliteleza kwenye ngazi za kisima, jino lake la mbele la juu likakatika nusu, na nusu iliyobaki ikaingia weusi. Kwa mtu mwingine hilo ni jino tu. Kwa mwalimu wa Kurani ni balaa, maana mwanafunzi hujifunza kwa kuutazama mdomo wa mwalimu, ulimi unagusa wapi na meno yanafunguka vipi. Mwalimu akaanza kusomesha huku ameshika pindo la kanga mdomoni. Wasichana wakawa wanasikia tu bila kuona, na wazazi wawili watatu wakawahamisha watoto. Mwenyewe alikuwa ameanza kusema kwamba huenda wakati wa kuifunga madrasa umefika.

Watu walimshauri atie dhahabu, kama mabibi wengi wa pwani wanavyofanya. Alikataa. Alisema dhahabu hutiwa ili ionekane, na yeye alichokitaka ni kuwa hata mtu mmoja asilitazame jino lake, watazame anachosomesha. Fundi aliposikia maneno hayo aliyarudia moyoni siku nzima, kwa sababu ndiyo kazi yake yote ilivyo.

Ilikuwa Mei 1954, mwezi wa Ramadhani. Madrasa ilikuwa imefungwa, na Mwalimu alitaka ifunguliwe baada ya Idi naye akiwa na kinywa kizima. Sasa, desturi ya Fundi ilikuwa hii: kabla Daktari hajaligusa jino, mgonjwa asukutue, kisha yeye alitazame jino la jirani likiwa bado na maji yake, kwa kitambo kifupi tu, halafu ayapumzishe macho yake kwenye kitambaa cha kijivu na kutazama tena. Kwa hiyo kila kipimo cha rangi kilianza na kikombe. Na vikombe, mnajua, vilikuwa na mwenyewe.

Ramadhani ya mwaka uliotangulia, mtu mmoja alipita barabarani akisema kwa sauti kwamba kliniki yetu inafungulisha watu saumu mchana. Maneno yale yalinichoma. Mwaka ule nikaamua hayatasemwa tena. Siku ya kwanza ya mfungo nilivifungia vikombe vyote kumi na viwili kabatini, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga, na nikajiona mcha Mungu kuliko mji mzima.

Siku ya Mwalimu, Fundi aliniomba kikombe. Nikamwambia huyu amefunga. Akasema ni cha kusukutua tu, si cha kunywa. Nikamwambia maji ni maji. Tulipokuwa tukivutana hivyo Daktari, aliyekuwa na haraka, alianza kazi yake. Alimjaza Mwalimu pamba kinywani ili kuzuia mate, akasugua zaidi ya nusu saa. Alipomaliza, Fundi aliniomba kikombe mara ya pili, kwa upole uleule. Hapo nikapandisha sauti. Nilimwambia, mbele ya mgonjwa, aache saumu za watu, na nikamwuliza kama kule Mikindani hawafungi. Mwalimu, kinywa kimejaa pamba, alikuwa akipunga mkono. Nikaelewa ananiunga mkono. Fundi alinitazama, akainamisha macho, akachukua kibao chake akapima hivyohivyo. Nilimsikia akisema tui la kwanza. Nikaandika.

Ganda lilivikwa alasiri ya mkesha wa Idi. Pamba zilikuwa kinywani tena muda mrefu, na jino jipya na jirani yake yalifanana kama mapacha. Nilipiga kigelegele cha chinichini, Ramadhani ile. Mwalimu alikwenda nyumbani akitabasamu bila pindo la kanga, mara ya kwanza kwa miaka miwili.

Idi ikafika. Mwalimu akala, akanywa, akatembelea ndugu, akacheka. Meno yake yote yakarudia rangi yake ya kawaida, isipokuwa lile moja lililobaki linawaka katikati ya uso. Siku ya tatu ya Idi watoto wa mtaani walikuwa wameshampa jina la Bi Karabai. Siku ya nne akaja kliniki, amefunika mdomo kwa mikono miwili. Hakugomba, wala hakulia. Alituomba tu tumrudishie jino lake bovu.

Jamani, ni bora angetutukana.

Daktari alimwita Fundi na kumweleza wazi. Atatengeneza ganda jingine. Likikosea rangi, tanuri litafungwa sandukuni na kupelekwa Dar es Salaam, kazi ya kauri Mtwara itakuwa imekwisha, na yeye atarudi kwenye kutengeneza meno ya kuvaa na kuvua. Fundi hakubishana. Alirudi kwenye meza yake, na nilimwona amekaa karibu na dirisha huku amechanganya meno yote kumi na saba, anayachomoa moja moja na kuyataja kabla hajageuza kusoma jina nyuma. Aliogopa kwamba macho yamemtupa mkono. Aliyataja yote sawasawa, mara tatu, na bado uso wake haukutulia, maana kama macho ni mazima, kosa lilitoka wapi?

Kesho yake alimwita Mwalimu asubuhi. Kwanza alipima: mchele wa Mahurunga, wala si tui. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa. Alimjaza pamba, akamwomba radhi, akakaa naye anaitazama saa ya ukutani. Nusu saa ilipopita aliniita nije nione. Jino la jirani lilikuwa limepauka mbele ya macho yetu, limekuwa tui la kwanza kabisa. Ndipo akaomba kikombe. Nilikileta. Mwalimu akasukutua, akafumba mdomo, tukasubiri. Baada ya sala ya adhuhuri tulitazama tena, na mchele wa Mahurunga ulikuwa umerudi. Jino likikaushwa hupauka, likipata maji yake hurudi. Fundi alikitazama kikombe, kisha akanitazama mimi.

Mwalimu, ambaye sasa kinywa chake kilikuwa huru, akatueleza kwamba siku ile ya Ramadhani alikuwa akipunga mkono kuomba maji. Kwani hatusukutui kila tunapotawadha, na tumefunga? Mtu asimeze tu, basi. Angeniambia, alisema, kama ningempa nafasi ya kusema. Mimi, mhudumu wa vikombe, nilikuwa nimemfundisha dini mwalimu wa Kurani huku amezibwa kinywa kwa pamba.

Hapo Daktari akaingia na kuuliza kosa lilikuwa nini. Fundi alijibu haraka, kabla ya mtu yeyote. Alisema alikosea kutazama. Alipima rangi wakati usiofaa, jicho lake likamdanganya. Mwalimu akataka kusema kitu, Fundi akamtikisia kichwa kidogo. Na mimi? Mimi nilianza kupanga vikombe. Nilivipanga, nikavipangua, nikavipanga tena, mpaka Daktari akatoka.

Ganda la pili alilichoma mara tisa. Karibu na ufizi alilitia makopa, katikati mchele wa Mahurunga, na ukingoni tui la pili, kwa sababu jino la mtu halina rangi moja kutoka juu mpaka chini. Kabla ya kuligandisha alilishikiza kwa tone la maji, akamsimamisha Mwalimu dirishani, kisha mlangoni, kisha chini ya mabati uani, akimtazama kila mahali. Lilipokaa, Daktari alilitafuta kwa kioo chake na kuuliza ni lipi. Tanuri likabaki Mtwara. Wiki ile madrasa ikafunguliwa, na pindo la kanga likarudi mabegani linakostahili.

Lakini siku ileile Daktari, kwa haki kabisa kulingana na alichoambiwa, aliandika katika faili la Fundi kwamba macho yake yameanza kupungua nguvu, na kwamba kuanzia hapo kila rangi atakayoichagua lazima ithibitishwe na Daktari kabla ya kuchomwa. Miaka minne na nusu, Fundi Alawi, mtu aliyekitengeneza kibao kwa mikono yake, amekuwa akisimama mlangoni kwa Daktari na jino mkononi, anasubiri kuambiwa sawa. Aliambiwa sawa kila mara. Hakuna hata moja lililorudishwa. Nami nilikuwa nikipita na sinia yangu, naona, nanyamaza.

Kuna jambo jingine dogo. Tangu siku ile hakuniita tena Bi Mkubwa wa Vikombe. Aliniita Bi Somoe tu. Mwanzoni nilidhani amenikasirikia. Baadaye nikaelewa kwamba ameliacha jina lile lisije likanichoma, na hapo ndipo liliponichoma kweli.

Kutokana na kisa kile kliniki yetu ilipata kanuni ambayo imesimama hadi leo: rangi kwanza, pamba baadaye. Kila Shaabani Fundi hubandika tangazo mlangoni kwamba wanaotaka meno ya Idi waje kupimwa kabla ya mwezi kuandama. Na anayekuja katikati ya mfungo hupewa kikombe chake, pamoja na maelezo ya Mwalimu Mwanaamina, ambayo nimeyaandika kwa mkono wangu na kuyatundika juu ya kabati. Maganda mia mbili na kumi na moja yametoka kwenye tanuri lile tangu hapo. Mnakutana nayo sokoni na msikitini kila siku, na hamjui kama mmekutana nayo.

Jumatatu iliyopita, tarehe 22 Desemba, nilibisha mlango wa Daktari nikamweleza yote: kabati, ufunguo, kelele zangu, na ukimya wangu baada yake. Aliniacha nimalize. Kisha alitoa faili, akausoma ule mstari, akaukata kwa wino, na chini yake akaandika kwamba macho ya Fundi Alawi hayakukosea, akatia sahihi na tarehe. Ameniruhusu kuyasema hapa. Fundi mwenyewe hana habari. Anayasikia sasa hivi, pamoja nanyi, na kama namjua vizuri ameinama anatafuta kitu kisichoanguka.

Fundi, inua uso. Ulinibebea mzigo wangu miaka yote hii, na hukunidai hata kwa jicho. Niliona haya, na haya ikanifanya mwoga. Nisamehe.

Leo dua itasomwa na Mwalimu Mwanaamina. Kaeni karibu, msikilizeni, na mtakaoweza tafuteni lile jino. Mimi niliyeshika sinia siku zote mbili, juzi nilijikuta nimesimama mbele yake nikijiuliza ni la kulia au la kushoto.

Kwa niaba ya Daktari, wafanyakazi wenzangu, na watu wote wanaocheka bila kufunika midomo yao kwa ajili yako, tunasema ahsante. Rudi Mikindani salama, wewe na Bi Mwaisha. Mungu akupe afya, macho yasiyochoka, kahawa nzuri ya alasiri na siku nyingi za kuinywa bila kupima rangi ya meno ya wenzako barazani.

Katika zawadi yako kuna kikombe kimoja cha bati chenye ukingo wa buluu. Nimehesabu, kabatini vimebaki kumi na kimoja. Ukikitumia, nakuomba unikumbuke kwa jina langu lile la zamani, ambalo ninatia sahihi nalo hapa mbele ya watu wote:

Somoe binti Shabani,
Bi Mkubwa wa Vikombe.